Kabla Hujapigiwa Windows

Kompyuta yangu iligoma nikiwa mwaka wa kwanza, muhula wa pili, Jumanne saa mbili usiku, katikati ya kazi ya kikundi ya Fasihi Simulizi. Iliganda kwanza. Kisha ikatoa skrini ya bluu yenye kile kisura cha kununa, ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena. Mara ya nne haikufika popote. Taa ya kitufe inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii.

Kesho yake nikaibeba hadi kwa fundi nje ya geti. Pale mezani kwake ikawaka, ikaonyesha nembo, ikarudi kwenye bluu. Kaka yule hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza tatizo lilianza lini, wala nilikuwa nafanya nini, wala iliandika nini kabla ya kuzima. Alisema tu, "Hii tunaipiga Windows, dogo. Elfu ishirini na tano, uje saa kumi."

Nikakubali. Sikuwa na hoja ya kukataa, maana mimi nasoma Ualimu wa Kiswahili na Jiografia, na kompyuta kwangu ilikuwa kama redio: inaimba au haiimbi. Saa kumi nikaikuta inang'aa, nyepesi, mpya kabisa. Na tupu. Ndani yake kulikuwa na dakika arobaini za bibi yangu akisimulia hadithi. Nilimrekodi likizo kwa ajili ya kozi ile ile, nikazihamishia kwenye kompyuta kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Niliilipia mwenyewe elfu ishirini na tano ili sauti yake ifutwe.

Jambo lililonifanya niandike makala haya ni hili: siku tisa baadaye kompyuta ikagoma tena, vilevile. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Jamaa mmoja wa block yetu, anasoma Sayansi ya Kompyuta, akaigeuza, akafungua skrubu, akachomoa ramu, akaifuta vumbi, akairudisha kwa kuibana vizuri. Ikawaka. Dakika kumi, bure, na soda moja niliyomnunulia kwa aibu. Tatizo halikuwa Windows. Halikuwahi kuwa Windows. Nilipewa dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao, na dawa yenyewe ndiyo iliyoniumiza.

Msimamo wangu basi ni huu. Mwanafunzi wa chuo kikuu, wa fani yoyote, anapaswa kuweza kuichunguza kompyuta iliyogoma kuwaka, walau kufika mahali pa kusema tatizo liko upande gani, kabla ya kumkabidhi mtu mwingine. Sisemi sote tuwe mafundi. Nasema tuwe wagonjwa wanaoweza kumweleza daktari wanaumwa wapi.

Najua mtakachosema. Mtasema, "Mwalimu, kila mtu na fani yake, waacheni mafundi nao wale." Sina ugomvi na mafundi. Tangu siku ile nimekutana na mafundi wazuri sana, na wote wana tabia moja: wanauliza kabla ya kugusa. Kumwona fundi si kosa letu. Kosa ni kwamba tunakwenda tukiwa na sentensi moja tu, "haiwaki", na sentensi hiyo inabeba magonjwa ishirini tofauti. Mtu akiambiwa "haiwaki" na ana foleni ya wateja sita, atafanya kile kinachotibu mengi kwa mara moja. Kupiga Windows kunatibu mengi kweli. Kunafuta pia.

Kwa hiyo ngoja niwape nilichojifunza, kwa lugha ya kawaida. Mimi huwa naiuliza kompyuta maswali matatu kwa mpangilio: Una uhai? Una sura? Unajitambua?

Una uhai? Hapa unatafuta umeme tu. Taa yoyote inawaka? Feni inasikika? Kama hakuna kitu, usiwaze Windows hata kidogo, maana Windows haijafikiwa bado. Jaribu soketi nyingine, maana soketi za hosteli tunazijua. Azima chaja ya mwenzako inayofanana na yako kwa volti na kichwa. Kisha chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika, halafu chomeka chaja na uwashe. Kitendo hicho humaliza chaji iliyobaki ndani ya saketi, na kimewahi kufufua kompyuta nyingi zilizotangazwa marehemu. Ukiona betri imevimba, ishia hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji. Hiyo ni kazi ya fundi, na ni ya haraka.

Una sura? Sasa taa inawaka, feni inazunguka, kioo kimya. Mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa gizani. Ukiona maandishi au picha kwa mbali, kompyuta inafanya kazi ila mwanga wa nyuma ya kioo ndio umekufa. Ichomeke kwenye projekta ya darasani au skrini ya nje. Picha ikitokea huko, vitu vyako viko salama na unaweza kuvinakili sasa hivi. Picha isipotokea popote, mshukiwa wa kwanza ni ramu iliyolegea au yenye uchafu, kama ilivyokuwa yangu. Sikiliza pia milio. Kompyuta nyingi hujikagua zinapowashwa, na zikikuta kasoro hutoa milio au taa za kupepesa kwa idadi maalumu. Ihesabu na uiandike. Maana yake hutofautiana kwa kila kampuni, lakini fundi mzuri atakushukuru ukimwambia "inalia mara tatu" badala ya "inalialia".

Unajitambua? Hapa nembo inatokea, kisha mambo yanaharibika. Kwanza chomoa flashi na kila kitu kilichochomekwa pembeni, maana wakati mwingine kompyuta inajaribu kuwaka kupitia flashi yako yenye nyimbo, haikuti mfumo humo, inakuambia hakuna diski ya kuwakia. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile ya Bayosi. Mara nyingi ni kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu inapowaka. Tazama kama diski yako imeorodheshwa. Isipoonekana, ama imelegea ama imekufa, na kupiga Windows ni sawa na kupaka rangi nyumba isiyo na msingi. Kama ni diski ya zamani ya kuzunguka na inagonga tik, tik, tik, izime na uache kuiwashawasha. Kila unapoiwasha unaweza kuongeza majeraha kwenye mafaili yako.

Diski ikionekana na bado haiwaki, hapo ndipo Windows inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Hata hivyo Windows 10 na 11 zina mlango wa dharura. Washa, na nembo ikitokea tu, shikilia kitufe hadi izime. Rudia. Baada ya kushindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, yenyewe itafungua ukurasa wa matengenezo. Humo unaweza kuiambia ijitengeneze, kuondoa sasisho la mwisho, kuirudisha kwenye tarehe ilipokuwa nzima, au kuiwasha katika hali salama, ambayo hupakia vitu vya lazima tu. Na hata ukilazimika kuiweka Windows upya, upo uchaguzi unaobakiza mafaili yako binafsi na kuondoa programu peke yake. Laiti ningejua neno hilo moja mwaka wa kwanza.

Kuna ugonjwa mmoja zaidi ambao hosteli yetu inauzalisha kwa wingi: kompyuta inawaka vizuri, inajizima baada ya dakika ishirini. Hiyo mara nyingi ni joto. Tunaziweka kitandani, juu ya blanketi, matundu ya hewa yanazibwa, feni imejaa vumbi. Hakuna Windows duniani itakayokupulizia vumbi.

Mtu asidhani haya ni mambo ya vijana wa block wenye laptopu za mtumba. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani ziliathirika. Zilitoa skrini ya bluu, zikajizima, zikajiwasha, zikarudi kwenye bluu, kama ya kwangu. Ndege ziliahirishwa, hospitali na benki zikakwama. Kampuni iliondoa sasisho lile ndani ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kulipokea hazikuweza kuwaka ili zipokee marekebisho. Dawa ilikuwa nini? Kwa nyingi kati ya hizo, mtu aliketi mbele ya mashine, akaiwasha katika hali salama, akafuta faili moja, akaiwasha upya. Faili moja! Wengi hawakulazimika kufuta kila kitu, kwa sababu kuna watu waliuliza kwanza: nini kilibadilika kabla ya tatizo kuanza?

Swali hilo ndilo ninalotaka tubaki nalo, maana halihusu kompyuta peke yake. Sisi wa Ualimu tunafundishwa habari za George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1945 alieleza hatua nne za kutatua tatizo: lielewe, panga namna ya kulishambulia, tekeleza, kisha rudi utazame ulichofanya. Tumeziandika kwenye mtihani, tumepata alama. Halafu kompyuta ikizima tunaruka hatua mbili za kwanza na ya mwisho, tunabaki na "tekeleza" peke yake. Na tunalipia.

Naona ni kwa sababu tumesoma kwa namna hiyo tangu shule ya msingi. Swali likija, jibu liko tayari mahali fulani, kazi yetu ni kulikumbuka. Kompyuta iliyogoma haina majibu ya nyuma ya kitabu. Inakutaka ubadilishe kitu kimoja, uone, uandike, ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na ikawaka, hujajua kilichoiponya, na wiki ijayo utarudi pale pale. Huo ni utafiti. Ndio ule ule tunaoandikia ripoti mwaka wa tatu kwa kurasa sitini, lakini ukituletea tatizo la kweli mezani, tunalikimbia hadi getini.

Niliona gharama yake kwa macho yangu nilipokwenda mazoezi ya kufundisha. Shule niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta kumi na moja za mezani, zimefunikwa kitenge stoo, nyuma ya majembe. Nikauliza. "Mbovu zote hizo, mwalimu," nikajibiwa. Nani alisema ni mbovu? Hakuna aliyekumbuka. Mimi na mwenzangu wa Fizikia tukaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu tuziguse jioni, baada ya vipindi. Tulizichomoa umeme kwanza, na lile boksi la umeme la ndani hatukulifungua hata moja, maana hutunza chaji hata likiwa limechomolewa. Mbili zilikuwa na ramu chafu. Tulifuta miguu yake kwa ufutio wa penseli, zikawaka. Moja ilikuwa na waya wa skrini uliolegea, basi. Moja ilisimama kila siku kwenye ukurasa wa onyo ikidai tarehe si sahihi. Tukabadilisha kile kibetri cha duara cha mazabodi, aina ya CR2032, ya volti 3, kinachotunza saa na mipangilio. Saba zilitushinda. Lakini nne ziliwaka, na kidato cha tatu waligusa kibodi kwa mara ya kwanza wakiwa watano watano kwa mashine.

Sasa fikiri. Wengi wetu tutapangwa kwenye shule za namna ile. Tutakuwa walimu wadogo kuliko wote, na kitu chochote chenye waya kikiharibika tutaitwa sisi: "Mwiteni yule kijana wa chuo." Tukienda tukiwa na sentensi moja tu, "haiwaki", stoo zitaendelea kujaa na watoto wataendelea kuchorewa kompyuta ubaoni.

Ndiyo maana naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu, na yote yanawezekana bila bajeti ya kutisha.

La kwanza, iwepo kona ya kompyuta, hata mchana mmoja kwa wiki, kwenye chumba kimoja. Wanafunzi wa fani za kompyuta wajitolee kwa zamu, wapewe barua ya utambulisho wa kazi hiyo, ambayo itawafaa wakiomba mafunzo kwa vitendo. Masharti mawili: mwenye kompyuta akae hapo hapo ikichunguzwa, na asifutiwe chochote kabla ya kunakiliwa. Sharti la kwanza ni la usalama. Dada zetu wengi wanaogopa, na wana haki kuogopa, kuacha laptopu yenye picha zao na nywila zao kwa mtu wasiyemjua mchana kutwa.

La pili, ziwepo flashi mbili tatu zenye mfumo wa Linux kama Ubuntu, ambao ni wa bure na unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski. Flashi ya GB 8 inatosha. Windows ikifa na diski ikiwa hai, mwanafunzi anawasha kwa flashi hiyo, anahamisha ripoti yake, halafu ndipo wanajadili kupiga Windows. Kama diski imefungwa kwa BitLocker atahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi hutunzwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Utafute leo ukiwa huna shida.

La tatu, wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza, pamoja na zile hotuba za saa nne, watengewe saa moja ya kufundishwa kutunza nakala: tatu kwa jumla, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja isikae chumba kimoja na nyingine. Flashi iliyo ndani ya begi la laptopu si nakala. Mwizi huchukua begi zima.

Na wewe unayekwenda kwa fundi kesho asubuhi kwa sababu kona hiyo haijaanza, nenda na karatasi. Andika ilianza lini, ulikuwa umeongeza nini, inafika wapi kabla ya kuzima, skrini ya bluu iliandika neno gani. Ipige picha kwa simu. Andika pia ukubwa wa ramu na diski yako, ili ukirudi uhakikishe ulichokabidhi ndicho unachopokea. Kisha sema sentensi hii bila aibu: "Kaka, usifute kitu kabla hujanionyesha tatizo." Fundi mzuri hatachukia. Atakayechukia amekusaidia kujua uende meza ya pili. Na kama umeshafutiwa, acha kuitumia mara moja, usihifadhi chochote kipya humo. Kwenye diski za kuzunguka bado kuna matumaini ya kurudisha; kwenye zile mpya za SSD matumaini ni madogo, lakini kila faili jipya linayapunguza kote.

Wiki tatu zilizopita kompyuta yangu iligoma tena, ripoti ya utafiti ikiwa sura ya nne. Moyo ulinidunda, sitaki kudanganya. Mwenzangu wa chumba akasema, "Mwanangu, boom lenyewe bado, utafanyaje?" Nikaketi. Uhai upo. Sura ipo. Diski kwenye Bayosi inaonekana, inapotea, inaonekana. Nikaazima flashi ya Ubuntu kwa jamaa yule yule wa ramu, nikanakili vyote usiku ule, ndipo nikaenda getini na karatasi yangu. Fundi akaisoma, akacheka kidogo, akasema, "Umeshanimalizia kazi." Akaniwekea diski nyingine.

Sauti ya bibi haikurudi na haitarudi. Hadithi zake tatu ninazozikumbuka nimeziandika kwa mkono, nazo zipo sehemu tatu. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, kabla hujafungua mwingine, nakili lile faili moja ambalo hutaki kulipoteza. Unalijua.